MGENI NJOO, MJENZI APONE

Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Nilipokuwa mtoto niliidhani methali hii ni ya kuku. Mgeni akibisha hodi, jogoo anaingia sufuriani, nasi watoto tunapona kwa kugombania vipapatio. Lakini mwezi wa Julai mwaka wa 2025, katika chumba cha kompyuta cha shule yetu, niliiona methali hiyo hiyo ikifanya kazi nyingine kabisa. Iliwafanya wanafunzi waliozoea kucheza michezo iliyotengenezwa na watu wa mbali wakae chini, washike penseli na kutengeneza wao wenyewe. Jinsi mambo yalivyokwenda ndiyo ninayotaka kukusimulia, ewe msomaji, maana wengi wameuliza, na wengine wametia chumvi.

Kwanza nieleze jamu. Simaanishi ile ya kupaka mkate! Katika ulimwengu wa michezo ya kompyuta, jamu ni mkusanyiko wa watunzi. Hupewa mada, kisha hutunga mchezo tangu wazo la kwanza hadi mchezo unaochezeka, kwa muda mfupi mno, aghalabu saa 48. Mojawapo ya jamu za kale ni Ludum Dare, iliyoanza mwaka wa 2002. Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni kutoa mchezo, kama mtu anavyotoa zawadi. Nyingine ni Global Game Jam, iliyofanyika mara ya kwanza Januari 2009, katika nchi 23 kwa wikendi moja. Kwa kuwa muda ni mfupi, jamu ni uwanja wa majaribio. Hakuna anayetarajia mchezo wa kuuzwa dukani. Unatarajiwa kujaribu jambo ambalo mtu mwenye mkopo wa benki hathubutu kulijaribu.

Chama chetu cha Kompyuta kiliandaa jamu yake chenyewe, ya vikundi vinne, kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kama hiyo. Mwalimu mlezi alikuwa ameomba chumba kifunguliwe wikendi nzima. Naibu wa mwalimu mkuu alikubali shingo upande, naye akatoa sharti. Jumapili jioni angekuja kujionea kwa macho yake. Akikuta watoto wanacheza tu, funguo zitarudi ofisini na wikendi za kompyuta zitakuwa zimekwisha.

"Kucheza wanajua tayari," alimwambia mwalimu wetu tukiwa pale pale. "Nionyesheni wanachotengeneza."

Maneno hayo yalinikaa rohoni. Mada tuliyopewa ilikuwa "Mlango". Kikundi chetu cha watu watatu kilikaa nje chini ya mti, tukakuna vichwa. Ndipo mwenzetu mmoja, msichana ambaye husema maneno machache kwa siku, akauliza, "Je, tukitunga mchezo usio na leveli?"

Kwa wasiojua, mchezo wa kompyuta huwa na ngazi, au leveli kama tunavyosema mabwenini. Ukishinda ngazi ya kwanza unapanda ya pili, iliyo ngumu zaidi, na kuendelea. Ngazi hizo hujengwa na mtunzi, na mchezaji huzila kama mandazi, moja baada ya nyingine, mpaka sahani ikaisha. Mwenzetu alitaka tutunge mchezo wenye ngazi moja tu, na ngazi nyingine zote zijengwe na wachezaji. Asipojenga mtu, hakuna mchezo.

Wazo la mchezaji kujenga si geni. Mwaka wa 1983 ulitoka mchezo wa Lode Runner uliokuwa na ngazi 150, na ndani yake mlikuwa na chombo cha kumwezesha mchezaji kuchora ngazi zake. Mwaka wa 2011 Mmarekani Jason Rohrer alitunga Chain World, mchezo wa majaribio kwelikweli. Aliweka ulimwengu mmoja wa Minecraft kwenye flashi moja tu. Mtu mmoja huingia humo, hujenga anavyotaka, na akifa mara moja tu, basi, humpa mtu mwingine flashi ile. Anayefuata hukuta magofu na minara ya waliomtangulia. Mwalimu alipotueleza habari hiyo tulipigwa na butwaa. Sisi pia tulikuwa na flashi, na mtandao wetu wa intaneti unajulikana kwa kwikwi zake!

Basi tukautunga mchezo tukauita "Mgeni Njoo". Unaingia katika nyumba ya mtu. Sakafu yake ina visanduku 96, yaani 12 kwa 8. Uko mlangoni, na kwenye kisanduku kingine kuna meza yenye birika la chai. Kazi yako ni kuifikia chai. Njiani kuna kuta, mashimo, mbuzi anayekwenda huku na huku, na ufunguo wa mlango wa ndani. Ni hivyo tu. Ukishaifikia meza, mchezo haukupigii makofi. Unakuandikia: "Umekula, umekunywa. Sasa wewe ndiwe mwenyeji. Mgeni yuko njiani. Jenga."

Tuliutunga kwa Scratch, programu ya bure iliyotoka mwaka wa 2007 katika chuo cha MIT huko Marekani, ambayo ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Nyumba nzima ni orodha ya tarakimu 96. Sufuri ni sakafu tupu, moja ni ukuta, mbili ni shimo, tatu ni mbuzi, nne ni ufunguo, tano ni mlango wa ndani, sita ni meza. Programu huisoma orodha tangu mwanzo hadi mwisho na kila tarakimu huchora kitu chake. Orodha hiyo unaweza kuihifadhi kama faili dogo la maandishi, ukalihamisha kwa flashi hadi kompyuta nyingine. Kufikia Jumamosi saa nne asubuhi nyumba yetu ya kwanza ilisimama, na mbuzi alikuwa anatembea. Tulishangilia utadhani tumefunga bao!

Lakini kutunga mchezo ni jambo moja, na kumfanya mtu ajenge ni jambo jingine. Wanafunzi wa bweni walikuwa wamejaa mlangoni wakitaka kucheza. Nikamwuliza mmoja kama angependa kujenga nyumba.

"Ai, zii, msee," akajibu. "Hiyo ni ya watu wa kompyuta. Mimi nataka tu kuplay."

Naam, hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Sisi vijana tumezoeshwa kuona kwamba vitu vya kompyuta hutoka kwingine, vikiwa vimekamilika, na kazi yetu ni kuvibonyeza. Ilhali watoto hao hao, walipokuwa wadogo, hakuna aliyewafundisha kubuni. Walicheza kati wakabadilisha sheria kila jioni. Walicheza kalongolongo wakajenga nyumba kwa mawe na vifuniko vya chupa, wakapika ugali wa matope. Uwezo wanao. Kilichobaki ni kuujua mlango wa kuuingilia.

Tukaamua kufanya jaribio. Kompyuta za upande wa dirishani ziliwekwa zimpe mchezaji sakafu tupu, visanduku 96 vyeupe, ajenge apendavyo. Kompyuta za upande wa ukutani zilimpa mchezaji ile ile nyumba aliyotoka kuipita, zikamwambia abadilishe visanduku vitatu au zaidi. Tukakaa pembeni na daftari kuangalia.

Upande wa dirishani, wengi waliitazama ile sakafu tupu, wakatutazama sisi, wakaondoka. Mmoja alijaza mashimo kila mahali akacheka akaenda zake. Upande wa ukutani mambo yalikuwa mengine. Mchezaji aliyekuwa ametumbukia shimoni mara tatu alijua barabara shimo lile linauma wapi. Alilisogeza kisanduku kimoja, akaongeza mbuzi, akacheka peke yake kwa hila. Hakuwa anaanza jambo jipya. Alikuwa anamjibu mtu. Mwenzake alikuwa amemsumbua, naye sasa anamsumbua mwingine. Kabla ya chakula cha mchana tulizigeuza kompyuta zote zikawa za namna ya ukutani.

Sharti la pili tuliliazima. Katika mchezo wa Super Mario Maker, uliotoka mwaka wa 2015, mchezaji hawezi kuwapelekea watu ngazi aliyoijenga mpaka yeye mwenyewe aipite kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nasi tukaweka hivyo. Mwenyeji lazima aifikie meza yake mwenyewe kabla ya mgeni kukaribishwa. Jamaa mmoja wa Kidato cha Nne, mwenye majivuno kidogo, alijenga nyumba aliyoiita "Jehanamu Ndogo". Alijaribu kuipita kwa nusu saa. Jasho lilimtoka, wenzake wakamzunguka wakimcheka, na kila mara mbuzi wake mwenyewe alimpiga teke akatumbukia. Mwishowe aliondoa shimo moja, akapita, akapiga kelele kuliko mtu yeyote siku ile. Nyumba ile ikawa ngumu, lakini ya haki. Kwa sharti hilo dogo hatukuhitaji askari wa kukagua nyumba. Aliyechimba kisima alikunywa maji yake kwanza.

Sharti la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mgeni alipoingia katika nyumba, mwenyeji wake aliruhusiwa kukaa kando yake, lakini alikatazwa kusema neno hata moja. Asiseme "pita kushoto", asiseme "angalia mbuzi". Akae tu. Sikwambii mateso! Niliona mtu akijiuma ulimi, mwingine akikalia mikono yake. Lakini niliona pia nyuso zao mgeni alipofika mahali walipomtegea. Kijana aliyekuwa ameniambia asubuhi kwamba kazi ile ni ya watu wa kompyuta alirudi mara nne kuirekebisha nyumba yake, maana kila mgeni aliyepita alimfunulia jambo. Mmoja alipotea. Mwingine hakuuona ufunguo. "Kumbe hawaoni!" alisema, akauhamisha ufunguo karibu na mlango. Hakuna mwalimu aliyemtuma.

Kompyuta zetu zinazofanya kazi ni kumi na moja, na foleni ilifika hadi kwenye ngazi za saruji kule nje. Hapo mwenzetu wa maneno machache alirarua karatasi ya katikati ya kitabu chake cha hesabu, ile yenye visanduku vidogo. Akachora mstatili wa 12 kwa 8, akaandika sufuri, moja, mbili. "Wachore hapa," akasema. "Sisi tutaingiza." Basi foleni ikageuka kuwa karakana. Watu walichora magotini, ukutani, mgongoni mwa wenzao. Wengine walipeleka karatasi hizo bwenini. Jumapili asubuhi baada ya ibada tulikuta karatasi zimesukumwa chini ya mlango wa chumba cha kompyuta, baadhi zikiwa na alama za uji.

Katika karatasi hizo mlikuwa na moja isiyokuwa na jina la mtu. Mahali pa jina la mwenyeji pameandikwa "Mgeni". Tuliiingiza tarakimu zake, moja baada ya nyingine, tukaitazama. Haikuwa na shimo wala mbuzi. Ilikuwa na kuta tu. Meza ilikuwa karibu na mlango, visanduku vitatu tu mbele yako, lakini ukuta uliizunguka. Ulilazimika kuzunguka nyumba nzima, kona baada ya kona, na kila baada ya hatua chache ulipita kando ya chai, ukiiona, usiweze kuifikia. Mwisho kabisa, kwa nyuma, kulikuwa na nafasi ya kisanduku kimoja. Ukapita, ukanywa.

Tulinyamaza kidogo. Msichana wa Kidato cha Pili aliyeipita kwanza alisema polepole, "Hii ni kama ukihamia shule mpya."

Hapo sote tukajua. Kulikuwa na mvulana aliyehamia Kidato cha Pili muhula ule. Alikula peke yake, akaenda darasani peke yake, na hakuna aliyekuwa amemfanyia ubaya. Tulimpita tu. Alikuwa amesimama mlangoni wakati ule, nyuma ya wengine, akitazama skrini.

Msichana yule alikuwa ameshafika mezani, kwa hivyo ilikuwa zamu yake kubadilisha visanduku. Hakufikiri sana. Alifuta kuta zilizokuwa kati ya mlango na meza. Sasa mgeni angeingia, apige hatua chache za moja kwa moja, anywe chai. Akaandika jina lake. Mmoja wetu akalalamika, "Sasa hiyo imekuwa rahisi mno, si leveli hiyo." Tukasaka katika sheria zetu, na hakuna mahali tulipoandika kwamba nyumba lazima iwe ngumu. Akaipita mwenyewe kwa sekunde chache, kama sharti linavyotaka. Kisha akageuka, akamwambia yule mvulana, "Njoo basi, wewe ndiwe unafuata."

Akaja. Akaketi. Akapita, akanywa. Halafu, alipoambiwa ajenge, aliweka mbuzi mmoja kando ya meza, mahali asipoweza kumdhuru mtu. Alipoulizwa kwa nini, akasema, "Wa kufugwa." Chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka. Tangu siku ile ana mahali pa kukaa wakati wa chakula. Sitasema mengi zaidi, kwa sababu yupo nasi shuleni na atasoma ukurasa huu.

Ilipotimu saa kumi na moja naibu wa mwalimu mkuu aliingia, mikono nyuma. Moyo ulinidunda. Alitazama skrini, kisha akatazama ukuta wa nyuma tulipozibandika karatasi za nyumba zote, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Akaanza kusoma majina yaliyoandikwa juu yake. Wengi hawakuwa wa Chama cha Kompyuta. Kulikuwa na wachezaji wa raga, wanakwaya, na hata mmoja wa wale wanaojulikana zaidi kwa kuchelewa kuliko kwa jambo jingine.

"Hizi wamechora wao?" akauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Akavuta kiti. Akacheza nyumba moja, akatumbukia shimoni, akaguna, akarudia. Alipofika mezani na kuambiwa ajenge, tulidhani angesimama aondoke. Alibadilisha visanduku vinne kwa makini kama mtu anayesahihisha mtihani. Akaipita nyumba yake. Kisha akageuka, akauliza swali ambalo tulikuwa tumelisikia tangu Jumamosi kutoka kwa kila aliyemaliza kujenga:

"Haya, nani anaingia kwangu?"

Msomaji mpendwa, swali hilo ndilo jibu la jaribio letu lote. Tulikuwa tumejiuliza tuwape wachezaji nini ili wajenge, kama ni alama, zawadi, au biskuti. Hatukutoa hata biskuti moja. Mtu hafagii ua, hapangi viti na kuchemsha chai kwa sababu ameambiwa ufagio ni mzuri. Hufanya hivyo kwa sababu kuna mtu anakuja, na anamjua, na atamwona uso wake akiingia. Vipande vichache, nyumba ya kuanzia, sharti la kupita mwenyewe, jina juu ya mlango, karatasi ya hesabu: hayo yote yalikuwa ya kumsaidia mjenzi asichoke njiani. Lakini kilichomwinua kitini ni mgeni.

Kikundi chetu hakikushinda jamu. Kilichoshinda ni kile cha mchezo wa milango inayoimba, na kilistahili. Lakini chumba cha kompyuta kinaendelea kufunguliwa kila Jumamosi mchana, na funguo hazijarudi ofisini. Nanyi mliojiunga nasi karibuni, msiseme kazi hii ni ya watu wa kompyuta. Penseli mnazo. Karatasi za visanduku mnazo. Kando ya mlango wa chumba kile tumeweka kisanduku cha katoni chenye tundu juu. Chora nyumba yako, visanduku 12 kwa 8, tumbukiza humo, kisha uje Jumamosi uketi kando ya mgeni wako.

Ila usiseme neno!